Mstari wa Thelathini na Moja

Kuhamisha nyumba ya vyumba viwili tu, watu hununiana na mwiko hupotea. Sasa fikiria kuhamisha hospitali nzima, na wagonjwa wake ndani, kwa siku moja, kutoka jengo la zamani lenye kuta zinazotoka jasho mpaka jengo jipya lililo upande wa pili wa mji, dakika arobaini kwa gari kama njia haina ugomvi.

Kazi ya kuipanga siku hiyo alipewa mwanamke mmoja wa makamo, mwembamba, asiyepaza sauti. Kazini walimwita Mama Jedwali. Mtoto wa jina hilo hakuwa naye, wala wa jina lolote jingine, lakini watu wakishakubatiza utakataa wapi? Yeye ndiye aliyejua kitanda gani kingepita mlango gani, lori lipi lingebeba mafaili na lipi majokofu ya dawa, na bajeti ingevumilia nini. Masanduku yote aliyapa namba kwa mkono wake. Na zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyetunza daftari la hatari.

Daftari lenyewe lilikuwa kwenye kompyuta, ila jina la zamani lilikuwa halijataka kufa. Kila hatari ilikuwa na mstari wake: ni hatari gani, uwezekano wake kutoka moja hadi tano, athari yake kutoka moja hadi tano, dhana iliyotumika kuikadiria, na mwisho, mwenye mstari. Hatari isiyo na mwenyewe haikuruhusiwa kuingia, maana la wote ni la nani? Kulikuwa na sheria moja ambayo miradi mingine haina. Hatari ikitokea, mwenye mstari angeweza kusimamisha kazi yoyote kwa saa moja bila kumwomba mtu ruhusa. Sharti lilikuwa moja: ausome mstari wake wote kwenye redio za mkononi, neno kwa neno, kila mtu asikie. Mkuu wa mradi aliitunga sheria hiyo siku za mwanzo, bajeti ikiwa bado na afya na watu wakiwa bado wanapendana.

Mkuu huyo alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu la karibu, waliyemwita Bwana Asilimia. Ukimwambia mvua inanyesha, atataka kujua inanyesha kwa asilimia ngapi. Hakuwa mtu mbaya. Ubaya ungekuwa rahisi kuusimulia.

Wiki tatu kabla ya kuhama, Mama Jedwali alimpelekea rasimu yenye magari tisa ya wagonjwa, yale yenye oksijeni na muuguzi ndani. Ilikuwa hesabu ya darasa la kwanza: wodi ya mahututi ilikuwa na wagonjwa tisa, kila mmoja na gari lake.

"Tisa ni leo," alisema Bwana Asilimia. "Sisi tunahama baada ya wiki tatu. Na kuanzia kesho wodi haipokei mgonjwa mpya. Rekodi zinasemaje?"

Rekodi zilisema kwamba kati ya wagonjwa tisa wa wodi ile, baada ya wiki tatu hubaki sita. Wengine hupata nafuu wakahamishiwa wodi za kawaida. Wengine huteremshwa chumba cha chini, kile chenye baridi. Safu ya jedwali haikutofautisha. Ilisema tu: watakaopungua, watatu.

"Basi magari sita," alisema Bwana Asilimia. "Nani huandaa viti tisa kwa wageni sita? Akiba ya dharura yenyewe unaijua."

Aliijua. Akiba ilikuwa imeliwa kidogo kidogo, mapazia hapa, vibao vya milango pale, rangi ya ukuta iliyobadilishwa mara mbili kwa sababu mtu fulani hakupenda kijani. Chovya-chovya humaliza buyu la asali. Mama Jedwali akafuta tisa akaandika sita, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akafungua mstari mpya, wa thelathini na moja: wagonjwa mahututi kuzidi magari. Uwezekano, moja. Athari, tano. Dhana, watatu kati ya tisa watakuwa wamepungua. Kwenye nafasi ya mwenye mstari akaandika cheo chake mwenyewe.

Kuna jambo ambalo hakuliandika. Kwenye kitanda cha tano cha wodi ile alikuwa amelala baba yake mzazi. Siku mbili kabla ya kikao hicho na Bwana Asilimia, daktari wa mahututi alikuwa amemwita pembeni akamwambia, "Tusidanganyane. Mapafu yamechoka. Wiki mbili, ikizidi sana." Kwa hiyo alipoandika watatu, kichwa chake kiliwahesabu bila kuombwa: kitanda cha pili, kitanda cha nane, kitanda cha tano. Alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, akaenda kunywa chai, akaona chai haina sukari, akainywa hivyo hivyo.

Wanaosema uchungu ni kisu hawajawahi kuupata ule butu. Wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unauona, unaugusa, na si wako. Alikula, alilala, alijibu salamu. Alitia saini hati za matairi na mafuta. Mtu akimpa pole ya kuuguliwa, alisema ahsante kwa sauti ile ile ya kupokea barua.

Zamani za kabla ya kikao alikuwa akienda wodini kila jioni na kukaa mpaka kengele. Baada ya kikao akaenda siku moja moja, kisha Jumamosi tu, na hata Jumamosi hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda akamuuliza nesi upana wa mlango. Aliyekaa ni dada yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya shule, aliyeliacha duka mikononi mwa jirani ili amfute baba uso na kumgeuza ubavu.

"Mdogo wangu," dada alimwambia Jumamosi moja, "wewe umekuja kumwona baba au umekuja kuuona mlango?"

"Kazi, dada. Unajua kazi ilivyo."

"Naijua. Duka langu nalo ni kazi."

Baba yao alisikiliza yote kwa macho. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka kwa miaka thelathini na minane, mtu wa kusoma sindano ikitulia na kuandika alichokiona, si alichoambiwa. Wafanyabiashara walimchukia na kumwamini kwa kiasi kilekile. Sasa barakoa ya oksijeni ilimziba mdomo, na akitaka kusema huandika kwenye kijitabu kwa herufi kubwa za kikarani. Jumamosi ile aliandika: MAMA UMEKONDA. Alikuwa akimwita mama tangu alipozaliwa, kama baba wengi wawaitavyo binti zao. Mama Jedwali akasoma, akasema anakula vizuri, akaaga.

Ila kifo hakifuati ratiba ya mtu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alifariki wiki ya kwanza. Wa kitanda cha nane alipona, akaondoka kwa miguu yake akilalamika kuhusu mto. Waliobaki saba hawakusogea, na siku mbili kabla ya kuhama dada alipiga simu, sauti yake ikiwa nyepesi kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

"Baba leo kanywa uji bakuli zima. Na kaomba sukari iongezwe. Daktari mwenyewe kashangaa."

"Vizuri," alisema Mama Jedwali.

"Vizuri tu?"

"Vizuri sana, dada."

Akaweka simu chini, akafungua jedwali. Wagonjwa saba, magari sita. Alijua kwamba mtoto mwingine angeshukuru Mungu kwanza, hesabu baadaye. Alilijua hilo kama alivyojua uzito wa kitanda cha chuma, kilo themanini na mbili, bila hilo kumgusa popote.

Siku iliyofuata aliipoteza kwenye simu akitafuta gari la saba. Yote yenye oksijeni yalikuwa yamekodiwa. Yaliyobaki yalikuwa ya kubebea maiti au ya kubebea wanasiasa. Bwana Asilimia alipoambiwa hakushtuka. Alichukua kalamu.

"Gari la kwanza linaondoka saa nne, linafika, linasafishwa, saa sita na nusu limerudi. Linabadilishwa mtungi, saa saba linamchukua wa saba. Bomba kuu la oksijeni linafungwa saa nane, tangi lihamishwe nalo. Una saa nzima ya kuchezea. Hesabu inakubali."

Hesabu ilikubali. Hesabu haijawahi kumkatalia mtu karatasini.

Asubuhi ya kuhama daktari wa mahututi alisimama naye mlangoni pa wodi na orodha mkononi. "Lazima mmoja asubiri," alisema. "Mwenye kuweza kusubiri ni yule mwenye nafuu. Na mwenye nafuu kuliko wote, utacheka, ni mzee wako." Kisha akapunguza sauti. "Lakini ukiona ni mzito kwako, sema. Kitanda cha tisa naye si mbaya sana. Nitawabadilisha, na hakuna atakayeniuliza."

Kwenye kitanda cha tisa kulikuwa na mshona viatu, na mke wake alikuwa amekaa ukingoni akiwa ameshika soksi za mumewe kwa mikono miwili. Mama Jedwali aliziangalia zile soksi. Alijaribu kutafuta ndani yake kitu cha kumsukuma upande huu au ule, akakuta kimya.

"Fuata orodha yako, daktari."

Daktari akamtazama kidogo. "Wewe una moyo mgumu," alisema, "au huna kabisa."

Mpaka saa tano na nusu kila kitu kilikwenda kwa ratiba, jambo ambalo lilipaswa kumtia mtu wasiwasi. Wagonjwa wa kawaida walikuwa wameondoka kwa mabasi. Malori yalikuwa yamebeba masanduku kwa namba zake, moja hadi mia mbili na hamsini, hakuna lililobaki wala lililopotea. Magari sita ya mahututi yakatoka getini moja baada ya jingine. Gari la nne lilichelewa kidogo kwa kuwa mtungi wake ulivuja, ikabidi wachukue ule mdogo wa akiba wa wodini. Wodi ikabaki na kitanda kimoja katikati ya alama za vitanda vingine sakafuni, mzee akipumua kwa bomba la ukutani, dada kwenye kiti, nesi mmoja na redio yake juu ya meza.

Gari la kwanza lilichelewa njiani, likarudi saa saba na robo badala ya saa sita na nusu. Bado kulikuwa na nafasi. Dereva akatoa mtungi mpya stoo, akainama kuufunga, akainuka.

"Spana iko wapi?" aliuliza.

Spana ya mitungi haikuwa spana ya kawaida. Ilikuwa na mdomo wake wa peke yake, na hospitali ilikuwa nazo mbili. Mama Jedwali hakuhitaji kufungua jedwali. Sanduku la mia mbili na kumi na nne, vifaa vya oksijeni, lori la tatu, saa mbili asubuhi. Alizipanga mwenyewe, zote mbili, ndani ya kitambaa zisigongane, akaandika namba kwa kalamu nene. Mtu mzembe angesahau moja kwenye droo, na droo ile ingemwokoa. Yeye hakuwahi kusahau kitu.

Walijaribu spana ya fundi wa magari, ikateleza. Wakajaribu koleo, likala pembe za nati. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na Mama Jedwali alisimama akiangalia miti ikiteleza mmoja mmoja. Akapiga simu jengo jipya. Wangefungua sanduku, wangempa mtu wa pikipiki spana. Saa yake ilisema saa saba na dakika hamsini. Pikipiki ikikimbia, dakika thelathini.

Akaenda nyuma ya jengo, kwenye tangi kuu. Winchi ya kulinyanyua ilikuwa imeshajipanga, minyororo imeshuka. Fundi wa oksijeni, mzee mfupi mwenye ovaroli iliyooshwa mpaka ikasahau rangi yake, alikuwa ameweka mkono juu ya koki.

"Nipe nusu saa," alisema Mama Jedwali.

"Dada yangu, mimi ningekupa hata mwaka," alisema fundi. "Lakini winchi hii imekodiwa mpaka saa kumi, na kulifungua tangi na kulipakia ni saa mbili kamili. Nikichelewa, halitoki leo, na winchi haipatikani tena kabla ya wiki mbili. Huko kwenye jengo jipya mitungi waliyonayo ni ya siku tano. Siwezi kwa neno la mdomo. Nipe sheria."

Simu ikalia. Bwana Asilimia alikuwa ameshapata habari. Habari mbaya huenda kwake bila nauli.

"Sikiliza," alisema, na hakukuwa na tabasamu kwenye sauti. "Simamisha, sawa. Lakini soma mstari wa kumi na mbili: winchi kuchelewa. Imeingia getini na dakika tano za kuchelewa, si uongo mtupu. Mwenye mstari ni mkandarasi wa winchi, unausoma kwa niaba yake, gharama ni zake, anaongeza saa za winchi usiku kwa mfuko wake, na wewe hujaguswa. Ukisoma wa thelathini na moja, ule ni wa kwako. Na kila mtu atasikia dhana yake. Unaikumbuka dhana yake?"

"Naikumbuka."

"Basi uwe na busara. Nani ataumia?"

Alikuwa anarudi wodini huku akisikiliza. Akafika mlangoni. Baba yake alikuwa macho, kichwa kimeinuliwa kwa mto, anamwangalia kama alivyokuwa akiangalia sindano ya mizani, akingoja itulie. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa hewa iliyokuwa na dakika nne za kuishi ukutani.

Mkandarasi naye alikuwa na watu wake wa kulipa. Hilo lilipita kichwani, na lilikuwa kweli, lakini silo lililomfanya aamue. Kilichomfanya aamue kilikuwa kidogo zaidi. Alikuwa amechoka kuujua mstari ule peke yake.

Akakata simu, akainua redio.

"Mstari wa thelathini na moja umetokea," alisema. Sauti yake ikatoka tena kwenye redio ya nesi mezani, ikichelewa kidogo, hivi kwamba kila neno lilisikika mara mbili chumbani. "Hatari: wagonjwa mahututi kuzidi magari. Uwezekano: moja. Athari: tano. Dhana: wagonjwa watatu kati ya tisa watakuwa wamepungua kabla ya siku ya kuhama. Mwenye mstari: mratibu wa mipango, ambaye ni mimi. Ninasimamisha kazi kwenye tangi la oksijeni kwa saa moja kuanzia sasa."

Kisha fundi akajibu, "Nimesikia. Koki iko wazi."

Dada alikuwa amesimama, kitambaa cha kufutia uso mkononi.

"Wamepungua," alisema taratibu. "Ndivyo mnavyoita?"

"Ndivyo tunavyoita."

Dada akageuka akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Mzee hakuomba kijitabu. Alifumba macho, na Mama Jedwali akatoka nje kumngoja mtu wa pikipiki, kwa sababu hilo lilikuwa na dakika zake na lilimhitaji mtu getini.

Spana ilifika saa nane na dakika ishirini na moja. Mtungi ukafungwa. Mzee akatolewa mlango wa nyuma, dada akapanda naye, gari likaondoka. Mama Jedwali alimruhusu fundi aendelee, mkandarasi akakubali kwa manung'uniko kuongeza saa mbili za winchi, na gharama ikaandikwa mahali pake, kwenye mradi. Yeye akabaki kulikagua jengo tupu chumba kwa chumba, akizima taa, kama ratiba ilivyotaka.

Alipofika jengo jipya jioni, Bwana Asilimia alimkuta kwenye ukumbi wa mapokezi, pale rangi isiyo ya kijani ilipokuwa bado inanuka.

"Asilimia tisini na nane ya mpango," alisema. Alikuwa ameshasamehe, hakuwa mtu wa kukaa na kinyongo, kinachukua nafasi. "Na hakuna tuliyempoteza njiani. Hiyo winchi tutaitolea maelezo. Ule mstari wako tuuandikie somo. Ungesema somo ni nini?"

"Dhana zipitiwe kila wiki," alisema Mama Jedwali.

"Safi kabisa. Andika hivyo."

Akaandika hivyo, akiwa amesimama, karatasi juu ya meza ya mapokezi. Halafu akapanda ngazi ghorofa ya pili. Hakukuwa na kazi yoyote iliyompeleka kule. Milango ilikuwa mipana ya kutosha. Alikuwa ameipima yeye.

Baba yake alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, barakoa usoni, na hewa ya ukuta mpya ilikuwa ikimwendea bila kelele. Dada alikuwa ameshuka kutafuta maji ya moto. Mama Jedwali akasimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua mkono kuitikia. Kisha akachukua kijitabu kilichokuwa kifuani, kikiwa kimefunguliwa ukurasa ulioandikwa zamani kidogo, pengine njiani, maana herufi zilikuwa zimerukaruka. Akamgeuzia.

WALE WATATU. NILIKUWEMO?

Siku nzima watu walikuwa wamemuuliza maswali, na yote alikuwa na majibu yake kabla hayajaisha kuulizwa. Hili nalo alikuwa na majibu yake. Angeweza kusema zilikuwa rekodi tu, baba, takwimu, hazina jina la mtu. Lisingekuwa hata uongo. Jedwali kweli halikuwa na majina. Lakini mbele yake alikuwa karani wa mizani.

"Ulikuwemo," alisema.

Hapo aibu ikamjia. Ilianzia masikioni ikashuka shingoni, ya moto, na ilimuuma, na ilikuwa mali yake. Kwa wiki tatu hakuwa amehisi hata baridi ya maji ya kuoga. Akashika chuma cha kitanda.

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakuonekana kukasirika, wala kushangaa. Alikaa na kalamu hewani kwa muda, kama mtu anayetafuta namna ya kuuliza jambo la ndani bila kumvunjia mtu heshima. Halafu akaandika neno moja dogo, si kwa herufi kubwa, akamwonyesha.

Ulilia?

Mama Jedwali akalisoma. Alifikiria kikao, chai isiyo na sukari, Jumamosi zote za kusimama. Alifikiria jinsi alivyomzika mtu huyu kwenye safu ya jedwali, bila matanga, bila hata kumuaga, kisha akawa anakuja kupima mlango wake.

"Bado, baba," alisema.

Mzee akaifunga kalamu. Akasogeza miguu yake upande wa dirisha, polepole, mmoja kisha wa pili, mpaka godoro likapata nafasi ya mtu kukaa.